Unyayo wa Zuena

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya Tandale Noela alipofika kwa Bibi Tabu kupiga picha. Kazi ndogo tu, alijiambia. Apige, aitume ofisini Sinza, aende zake nyumbani. Yeye ni msaidizi wa ofisi katika shirika linalosomesha watoto wasio na wazazi. Anapokea wageni, anachemsha chai, anapanga mafaili. Na kila mwaka, wafadhili wanapotaka kuona mtoto wao anaendeleaje, anatumwa yeye.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana, uani tope tupu. Bibi alikuwa amekwenda bombani kuteka maji. Mjukuu wake Zuena, mtoto wa darasa la tatu, alisimama mlangoni kavaa sare, soksi nyeupe, na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vikang'aa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Viatu vilipendeza mno, na Theonest, bosi wake, alikuwa hachoki kuwakumbusha: mfadhili hamwonei huruma mtoto aliyependeza.

"Zuena, mama, vua viatu kidogo. Na soksi."

Mtoto akatikisa kichwa. "Bibi kasema nisivue nje. Kuna mtu anataka unyayo wangu."

Noela akacheka. Habari za wachawi kuchota udongo mtu alipokanyaga, wakamroga nao, alizisikia tangu utoto wake Masasi. Alidhani kaziacha hukohuko.

"Sasa hivi tu, unavaa tena. Au hutaki kuendelea kusoma?"

Maneno hayo ndiyo yatakayomtafuna Noela mpaka anaingia kaburini. Alimtisha mtoto yatima kwa shule yake. Zuena akavua, akakanyaga tope, machozi yakimlengalenga. Picha ilitoka nzuri sana.

Noela alikuwa angali ameinamia simu, anaitazama, aliposikia sauti.

Kwaruu... kwaruu...

Kama kijiko kinakwangua ukoko sufuriani. Harufu ikapita, ya ubani na udongo mbichi, kama mazishini. Akainua macho. Zuena alikuwa amerudi mlangoni. Pale alipokuwa amesimama, mwanamke mrefu aliyejitanda kaniki alikuwa amechuchumaa, anachota tope alilolikanyaga mtoto, anatia kwenye kopo la maziwa. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akafunika kopo, akainuka, akaingia uchochoroni.

Zuena akaanguka.

"Sista... miguu siisikii."

Noela akambeba, akamlaza chumba cha ndani. Alipotoka, Bibi Tabu alikuwa uani na ndoo kichwani, anatazama shimo dogo kwenye tope na viatu vilivyotupwa kando. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nani kamvua?"

"Mie, bibi. Nisamehe... ilikuwa kwa ajili ya picha tu."

"Mama yake alianza hivihivi." Bibi akatua ndoo. "Mfuate. Mie hanisikilizi, huongea na aliyempa tu. Mwombe amwage ule udongo. Kimbia, mwanangu!"

Noela akakimbia. Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Mwisho wa uchochoro, kando ya mtaro, yule mwanamke alikuwa amesimama amempa mgongo, kama mtu aliyejua kwamba atafuatwa.

"Sijaiba," alinong'ona bila kugeuka. "Umenipa."

"Mwaga, mama. Nakuomba. Ni mtoto mdogo."

"Kopo langu halirudi tupu." Akalitikisa. "Vua wewe. Nimwage hili."

Noela akainama. Kweli aliinama, lakini kuinama kutamsaidia nini sasa? Akafungua mkanda wa kiatu kimoja. Kisigino kikatoka. Ubaridi wa tope ukampanda wayoni hata kabla hajaligusa. Akamwona mwanawe nyumbani, anasubiri chakula, na yeye mwenyewe amelala kitandani, miguu imekufa ganzi. Hofu ikamshinda. Akaufunga mkanda.

"Nina mtoto, mama."

"Na yule ana bibi."

Yule mwanamke akavuka mtaro, kopo kwapani, na harufu ya ubani ikaondoka naye. Noela alibaki amesimama, viatu vyake miguuni. Njia nzima ya kurudi alijiapiza kwamba atasema ukweli. Pengine bibi angejua la kufanya. Pengine kulikuwa bado na muda.

Bibi Tabu alikuwa akimngoja mlangoni.

"Umemkuta?"

Kusema kulikuwa neno moja tu. Noela akatazama chini.

"Sikumkuta, bibi. Nimezunguka kote."

Bibi akamshika mkono, akaupapasa kama mama. "Pole, mwanangu. Umejitahidi. Mungu atakulipa."

Kutoka chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, sauti ya mtoto ikaja polepole.

"Alimkuta, bibi."

Mkono wa bibi ukaacha kupapasa.

"Waliongea pale mtaroni. Nilikuwepo... nilikuwa mle ndani ya kopo." Kisha, bila hasira, kama mtoto anayeuliza jambo asilolielewa:

"Sista, si ulishafungua kiatu kimoja? Mbona ukakifunga?"