Kobe na Redio Mbovu

Kila asubuhi nyumba ya dobi ilinukia sabuni na joto la pasi. Dobi huyo, mwanamke, alikuwa shangazi aliyewalea watoto wawili wa kike wa kaka yake. Mkubwa, kiranja wa darasa la sita, alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Mdogo, wa darasa la kwanza, alifunga kamba za viatu polepole, akizifungua na kuzifunga tena mpaka zilingane.

"Kobe, twende. Kengele si shangazi, haitatungoja," dada mtu alizoea kumwambia, na mdogo alimfuata.

Shuleni, kiranja aliketi dawati moja na mvulana mwenye kigugumizi. Wenzake walimwita Redio Mbovu. Siku moja mwalimu alimtaka asome kwa sauti. Alipokwama kwenye neno, mcheshi wa darasa akaiga mkwaruzo wa redio, na darasa zima likaangua kicheko. Mvulana akafunga kitabu. Kesho yake hakuja shuleni, wala siku iliyofuata.

Kiranja alishindwa kuvumilia. Aliomba ruhusa ya mwalimu, akasimama mbele ya mstari wa asubuhi na kutangaza kwamba atakayemwita mwenzake jina la kuudhi atafagia uwanja. Wote wakaitikia. Lakini walikuwa wema mbele ya macho yake tu. Akigeuka, majina yaliendelea yaleyale, naye akaongezewa la kwake: Polisi.

Wiki hiyohiyo, wakati wa kwenda nyumbani, mdogo wake alikuwa ameinama langoni akihangaika na kiatu.

"Wewe Kobe, utalala hapo?" kiranja akaropoka.

Waliokuwa karibu wakageuka kumtazama. Mcheshi akaenda kuchukua fagio, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mkuki kwa nguruwe, dada," akasema. "Kwa binadamu mchungu."

Alifagia uwanja huku macho yakimwasha kwa vumbi na aibu. Nyumbani alijitetea kwa shangazi kwamba ule ni utani wa ndugu, hauna ubaya. Shangazi hakubishana naye. Aliweka pasi pembeni, akamwambia amwulize mwenye jina.

Mdogo akatazama sakafu. "Ukiniita hivyo, vidole vyangu vinasahau kufunga."

Kiranja akaapa kutolirudia. Asubuhi, hata chai haijapoa, nusu ya jina ikamtoka, akauma ulimi. Jioni likamtoka zima. Alimwendea shangazi machozi yakimlengalenga, akasema yeye ni mnafiki tu na heri aachane na kupinga majina ya kuudhi shuleni. Shangazi akamwambia asiache, ila aende kama mtu anayejifunza, si kama hakimu.

Jumatatu akasimama tena mbele ya wenzake na kufuta adhabu.

"Nilitaka mbadilike ninyi, kumbe mimi nyumbani sijabadilika," alisema. "Bado ninajikwaa. Nikikosea nikumbusheni, nami nitawakumbusha."

Wengine walicheka. Mcheshi hakucheka. Mchana alimfuata kiranja, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwao yeye huitwa Mzigo, na hajawahi kuona cha kuchekesha. Baada ya masomo wakaenda pamoja nyumbani kwa yule mvulana mwenye kigugumizi, mcheshi akamwomba radhi mbele ya mama yake.

Mvulana alirudi. Siku chache baadaye aliinua mkono mwenyewe kusoma. Neno la pili likamgomea. Mtu mmoja nyuma akacheka, jirani yake akamgusa kwa kiwiko, akaacha. Darasa likangoja. Neno likatoka, na mengine yakalifuata.

Kiranja alimsimulia shangazi yote, akalalamika kwamba pamoja na juhudi zote bado kuna aliyecheka, na kwamba asubuhi ile ulimi wake mwenyewe ulikaribia kuteleza.

Shangazi alikuwa akisugua ukosi wa shati.

"Mazoea yana taabu, mwanangu," alisema. "Doa la siku nyingi halitoki kwa kufuliwa mara moja. Leo linafifia, kesho linafifia tena. Watu wako hivyohivyo, na wewe ni mmoja wao. Anza na nguo yako, usimcheke mwenye doa, na usichoke kufua."