Nyumba Iliyoguswa Zaidi

"Rudia hapa, mbele ya watu, ulichomwambia yule mgeni kuhusu mume wangu."

"Bi Cherehani, leo mimi sijatoka na mgeni hata mmoja."

"Basi kwenye simu yake alikuwa anaongea nani? Pepo wako?"

Mtaa mzima tulikuwa tumeshatoka nje. Aliyekuwa anafua aliacha povu kwenye beseni, aliyekuwa anasukwa alikuja na nusu ya kichwa imesimama. Bi Cherehani, fundi wa nguo wa nyumba ya kona, si mtu wa ugomvi. Kumwona katikati ya njia, futikamba bado shingoni, kulitutisha kuliko maneno yenyewe.

Aliyesimama mbele yake ni binti tunayemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Kazi yake ni kutembeza wageni kwenye mtaa wetu wa zamani, nyumba kwa nyumba, nasi tunamfungulia milango kwa sababu ni mtoto wetu. Siku za karibuni kazi ilipungua. Mchumba wake, kijana wa ofisi ya wageni tunayemwita Ramani, alibandika kwenye kuta zetu vile vimraba vya madoa meusi, misimbo ya QR. Mgeni anaelekeza simu, ramani ya mtaa inafunguka, anagusa nyumba anayoitaka na sauti inamsimulia. Sauti ni ya Chiriku. Alikubali mwenyewe kurekodiwa. Tulipomwambia anajikatia riziki alicheka, akasema hata ikikatika, si inakwenda kwa mume.

Sasa asubuhi hiyo mgeni mmoja alisimama chini ya dirisha la Bi Cherehani, akagusa, akasikiliza, halafu akachungulia ndani na kumuuliza, kwa huruma kabisa, kama ndiye yule mama.

Chiriku akatoa simu yake, akaielekeza ukutani. Tukasogea.

"Nyumba hii ya kona ni ya zamani kuliko zote," sauti yake ikasema, ile ya kazini, iliyonyooka. Kisha ikashuka, ikawa ya mtu anayetembea huku kashikwa mkono. "Halafu nikuambie kitu, usimwambie mtu. Mume wa huyu mama wa humu hayuko nje ya nchi wala nini. Yuko ng'ambo ya mji, ana mke mwingine. Zile zawadi zinazotumwa kila mwaka mama ananunua mwenyewe, anafunga mwenyewe, halafu anatuita tuje tuone."

Kikafuata kicheko. Na kicheko cha mwanaume juu yake.

Mtaani hakuna aliyecheka. Siri hiyo Bi Cherehani alimwambia Chiriku peke yake, siku alipozidiwa akamlilia begani. Sasa alimtazama tu, akaingia ndani, dirisha likafungwa.

Shangazi aliyemlea Chiriku ndiye aliyesogea mbele. Jumamosi ile wazee wa Ramani walikuwa waje na posa, viti vilishaazimwa.

"Nenda kwa mwanaume wako," akamwambia. "Ukirudi uwe na la kutuambia."

Chiriku alimpigia Ramani simu akiwa njiani.

"Umeweka nini kwenye nyumba ya kona?"

Hakuuliza nyumba gani, hakuuliza kuna nini.

"Njoo ofisini, mpenzi. Sasa hivi nina watu, ukifika watakuwa wametoka."

Ofisi iko juu ya duka la vioo, ngazi nyembamba, feni inayolia kama ina mafua. Ramani alimpa kiti, akaanza kujieleza haraka haraka. Asubuhi walikuwa wakirekodi ya kazi. Jioni, wakitembea wawili tu, alikuwa anaiacha simu irekodi, kwa sababu alitaka alale akiisikia sauti yake. Chiriku aliyajua hayo na aliyapenda. Basi mafaili yakachanganyika, ya mapenzi yakaingia kwenye ya kazi. Bahati mbaya tu.

Na Chiriku alitaka kuamini. Alikuwa keshaanza, hata mabega yalikuwa yameshashuka, mpaka macho yake yalipoangukia kioo cha kompyuta. Mtaa wetu wote ulikuwa pale, na juu ya kila nyumba kiduara chekundu. Vyetu vilikuwa kama punje za dengu. Cha nyumba ya kona kilikuwa kimemeza njia nzima.

"Hii ni nini?"

"Inaonyesha wageni wamegusa wapi zaidi."

"Na unaiangalia kila siku."

"Ndiyo kazi yangu."

"Kwa hiyo ulijua."

Ramani akajifuta uso kwa viganja.

"Mwanzo ilikuwa bahati mbaya, naapa. Nilipogundua, ile nyumba ilikuwa imeshazipita zote. Wageni wanaambizana. Mkubwa wangu akanisifu mbele ya watu, akasema hiyo ndiyo itanipandisha cheo. Nikasema niiache kidogo, mpaka tuoane, tupate pa kuanzia."

"Usinitie mimi humo."

"Naitoa sasa hivi. Tazama." Akagusa kioo kwa kidole. Duara likafifia, likapotea. "Imetoka."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Chiriku alikitazama kile kidole.

"Kumbe kidole kimoja. Mama wa watu anauzwa dirishani kwake, na wewe kidole kimoja kimekushinda kukinyanyua."

"Nisamehe. Unajua ninavyokupenda."

"Najua. Na hivyo ndivyo unavyopenda, nimeona. Waambie wazee wako wasije."

Alishuka ngazi akishikilia ukuta. Simu ikaanza kutetemeka kabla hajavuka barabara. "Rudi tuongee." Kisha: "Nitakuja mwenyewe nimwombe radhi." Kisha: "Sema basi unachotaka. Nifute sauti zako zote?"

Hiyo ya mwisho aliijibu. "Futa." Halafu akalia hapo hapo, kati ya mlango wa benki na muuza vocha, watu wakimkwepa kama shimo.

Aliporudi mtaani alikuta milango imerudishwa, ile ile iliyokuwa ikimpokea na wageni kundi zima bila hodi. Aliyekuwa anasukwa alimgeuzia mgongo. Mimi nilikuwa barazani, nikainamia ungo wangu. Shangazi aliposikia posa imekufa alianza kurudisha viti kwa wenyewe, kimoja kimoja.

Chiriku akaenda nyumba ya kona, akapiga magoti chini ya dirisha, akaanza kukibandua kile kimraba kwa kucha. Gundi ilikuwa ya kudumu. Ndani, cherehani ilinyamaza. Dirisha likafunguka.

"Acha, utang'oa kucha."

"Imetoka kwenye ramani, Bi Cherehani. Hakuna atakayesikia tena."

"Waliosikia wamesikia."

"Ndiyo, mama."

"Ulicheka."

Chiriku akaacha kubandua, akashusha mikono.

"Nilicheka."

"Maneno ni ya kweli, siwezi kugombana na kweli. Lakini siku ile ulilia na mimi."

"Nililia kweli. Na huko nikacheka kweli. Sijui mtu anawezaje vyote viwili."

"Na yule kijana?"

"Nimemwacha."

"Utaumia."

"Naumia."

Bi Cherehani alikaa pale dirishani, akikunja futikamba na kuikunjua. Tulidhani atafunga. Badala yake tukasikia komeo la mlango, na akatoka mpaka kizingitini.

"Sijakusamehe. Siku nikikusamehe utajua. Ila miaka yote hii napika cha watu wawili, mpate kusikia sufuria kubwa mseme bado namngojea arudi, na kikilala namwaga. Leo nimepika tena hivyo hivyo. Mikono imezoea. Nimekaa nakitazama, na mtaa mzima unajua hakuna wa pili."

Chiriku hakuinuka. Alikuwa amefunika uso kwa mikono yenye gundi.

"Inuka, mwanangu. Nawa hayo mambo mikononi, uingie ule."