Tarehe Tatu, Tarehe Nne

Katikati ya zogo la soko la Gitega, tarehe 18 Juni 2008, Mwalimu Urbano wa shule ya Mushasha, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, alisimama mbele ya Bagalwa, muuza vitenge kutoka Kivu, Kongo.

"Leo ni siku yenu, Bagalwa. Mwaka 1974, Kombe la Dunia, Yugoslavia iliifunga Zaire yenu mabao tisa."

"Ah, mwalimu! Kila mwaka we unanikumbusha! Hakuna hata tarehe moja ya furaha mu kichwa yako?"

Mwanamke aliyekuwa akijipima kitenge cha kijani akaangua kicheko.

"Ipo," alisema. "Siku Burundi ilipopata dhahabu ya Olimpiki, mbio za mita elfu tano. Nilikuwa na miaka kumi, kambi ya wakimbizi ya Kanembwa, Tanzania. Baba alituamsha, tukacheza nje ya hema pasipo ngoma."

Urbano, ambaye kila asubuhi huwaandikia wanafunzi ubaoni tukio la michezo la tarehe hiyo, alisahau alichokuja kununua.

Mwanamke huyo aliitwa Adventina. Alikuwa amerejea nchini na kaka yake, wakilima Gasorwe, Muyinga. Gitega alikuja kumsalimu shangazi yake wa mtaa wa Yoba. Aliondoka na kitenge, pamoja na namba ya mwalimu.

Gasorwe hapakuwa na umeme. Kila Alhamisi, siku ya soko, Adventina alichaji simu kwenye jenereta sokoni, akapiga.

"Mwalimu wangu, leo umeandika nini ubaoni?"

"Jina lako. Nikalifuta kabla wanafunzi hawajaingia."

"Mwongo wewe!"

"Mimi sisemi uongo, Adventina."

"Basi njoo umwone kaka, uniombe. Njoo siku ile ya dhahabu, saa nne asubuhi. Nitakungoja kituo cha magari, Muyinga."

"Nitafika. Sijapata kuchelewa maishani."

Tarehe 3 Agosti alishuka Muyinga katika koti la kijivu na tai, akaketi kwenye benchi la kituo. Abiria walishuka, wakakumbatiwa, wakaondoka. Simu ya Adventina ilikuwa imezimika. Urbano hakumuuliza mtu. Alipanda gari la mwisho, uso mkavu.

Kesho yake, kwenye benchi lile lile, Adventina aliketi katika gauni la kijani, kaka yake kando. Adhuhuri kaka akachoka, akaenda. Yeye akabaki.

Alhamisi simu iliwaka. Hakuna aliyempigia mwenzake.

Wiki sita zilipita. Urbano alikula peke yake, akasahihisha madaftari peke yake. Ndipo Bagalwa, aliyetoka kuuza vitenge Muyinga, akamletea daftari lililochakaa.

"Dada wa Gasorwe amenituma. Anasema usome, umurudishie. Ni ya marehemu baba yake."

Urbano alifungua. *4 Agosti 1996, saa tisa usiku, redioni. Burundi, dhahabu. Nimewaamsha watoto.*

Alihesabu saa kwa vidole. Kule Atlanta ilikuwa jioni ya tarehe tatu. Kambini, tarehe nne ilikwisha kuingia. Mwalimu wa tarehe hakulifikiria hilo.

Alimkuta Adventina shambani Gasorwe, akipanda maharage.

"Ulingoja mpaka saa ngapi?" Adventina aliuliza bila kuinua uso.

"Mpaka gari la mwisho."

"Mimi pia."

Urbano alimkabidhi daftari kwa mikono miwili. "Nisamehe. Nilijivuna."

"Kaka yuko nyumbani," alisema Adventina baadaye, akijifuta udongo. "Atakuuliza harusi ni tarehe ngapi."

"Itaje wewe," alijibu Urbano. "Mimi nitafika siku moja kabla, nikungoje."