Noëlla Aliyeogopa Tonge

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Noëlla alikoka moto kwenye mbabula, jiko la makaa, na kusonga bukari, ugali wa nyumba nzima. Walikaa katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mkono wa kusonga alikuwa nao. Watoto wanne na mama yao walizunguka sahani moja, kila mmoja akikata tonge lake. Desturi hiyo ni nzuri, ila ina upungufu: hakuna ajuaye nani amekula kiasi gani.

Mwaka uliotangulia, kampuni ya migodi ilipoacha kuwagawia wafanyakazi unga, sahani haikujaa tena. Noëlla akaanza kuwaachia wadogo zake sehemu yake. Majirani walimsifu kuwa ni mtoto wa busara. Mimi nasema sifa nyingine ni sumu.

Mwaka huu baba yake, Papa Urbain, alilima mahindi upande wa Kambove, na mvua ikanyesha vizuri. Unga ulikuwepo, hata samaki wadogo. Lakini Noëlla hakuweza tena kula. Kila tonge lilimtia hofu. Alisema ameshiba, kesho yake alisema tumbo linamuuma. Akakonda, akawa anasinzia darasani, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa umekaribia.

Asubuhi moja alianguka bombani, ndoo ikamwagika. Jirani yao, Mama Émilienne, alipiga kelele.

"Mama Noëlla, hii iko bulozi! Muntu anamuloga mutoto!"

"Iko kiburi tu," alisema Papa Urbain kwa hasira. "Chakula iko, anakataa."

Mama hakumsikiliza yeyote. Alimpeleka binti yake kwenye zahanati. Muuguzi, Mama Berthe, alimpima malaria na minyoo, asione kitu. Kisha akaketi karibu naye.

"Mwanangu, tangu lini chakula inakuogopesha?"

Noëlla alilia sana. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa ameficha kwa miezi mingi.

"Minye nikikula, naona kama niko naiba chakula ya batoto," alisema. "Mbele nilikuwa nawaachia tu. Sasa hata nikitaka kula, siwezi."

Mama Berthe aliwaita wazazi wote wawili.

"Haiko bulozi, haiko kiburi. Iko ugonjwa. Ilianza na huruma, sasa inamutawala. Musimugombeze. Mumupakulie mu sahani yake, kidogo kidogo, na mukae naye. Kila juma mumulete, nimupime na tusemezane."

Jioni ile Noëlla aliona aibu. Nyumbani kwao sahani ya peke yake ilikuwa ya mgeni au mgonjwa. Mama alimpakulia uji, nao ukapoa mbele yake. Papa Urbain alivuta kigoda, akaketi kando yake.

"Kulisha batoto iko kazi yangu na ya mama yako," alisema kwa upole. "Haiko yako. Weye uko mutoto. Nilikukasirikia bure, unisamehe."

Noëlla alichukua kijiko. Halafu akanywa vijiko vitatu.

Hakupona kwa siku moja. Siku nyingine alikula, siku nyingine hofu ilimrudia, wakaenda tena kwa Mama Berthe. Mtihani aliufanya mwaka uliofuata, na hakuna aliyemcheka.

Miezi ikapita. Alasiri moja mama alikuwa akifua nguo, Noëlla akaingia uani na mkoba wake.

"Maman, minye nasikia njala."

Mama aliacha nguo ndani ya sabuni, akamkumbatia kwa mikono yenye povu, akicheka huku machozi yakimtoka.

"Neno hilo, mwanangu, nimelingojea mwaka muzima," alisema. "Njala haiko zambi. Na hofu pia haiko zambi. Ikikushika, usiifiche. Uniambie, minye niko mama yako."