Upande B wa Koti la Marehemu

Jumamosi hiyo foleni ya duka la santuri la mtaa wa Ballard ilipinda kona ikafika mbele ya duka la mikate. Watu wazima na vitambi vyao wamevaa mashati ya drafti ya ujanani, kikombe cha kahawa mkononi, mvua inawanyeshea na hakuna aliyejisumbua kufungua mwavuli. Signe Halvorsen alikuwa katikati yao na koti lake la mvua la manjano, nywele za mvi amezikata fupi. Mtu wa mbele yake akarudi nyuma ghafla, akamkanyaga.

"Samahani, mama," akasema yule mtu, akageuka. Kisha akamkodolea macho.

"Sogea, Wade," Signe akasema. "Umesimama juu ya mguu wangu."

"Sig? Ni wewe kweli?"

"Hapana, ni mzimu wangu. Sogea."

Wade Pruitt alikuwa amekonda, mgongo umeanza kupinda, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Nyuma yake, kwenye kioo cha duka, alikuwapo Wade mwingine wa miaka ishirini na miwili, kwenye bango kubwa la bendi yao ya zamani, Gati Bovu: albamu ya kwanza, Koti la Marehemu, inatolewa upya kwenye santuri kuadhimisha miaka thelathini, oda zinapokewa leo. Kijana wa bangoni amevaa koti refu jeusi. Koti hilo Signe ndiye aliyelinunua duka la mitumba, likiwa bado na jina la marehemu limeshonwa kwenye ukosi. Wimbo wenye jina hilo, wa tatu upande wa kwanza, aliutunga yeye. Gita la besi albamu nzima alipiga yeye. Na kwenye jalada hakuna hata herufi moja ya jina lake.

"Nipe namba yako," Wade akasema. "Tafadhali. Tusiachane hivi foleni nzima inatutazama."

Akampa. Akampa kwa tabasamu, na Wade angemjua vizuri angeliogopa tabasamu hilo.

Maana kuna jambo Wade hakulijua. Kwa miaka ishirini na miwili kazi ya Signe ilikuwa kukata santuri: anaweka sahani nyeusi laini kwenye mashine, kila upande wa santuri sahani yake, sindano inachimba muziki, na kiwanda kinatoa nakala zote kutoka sahani hiyo moja. Kazi ya Koti la Marehemu ilikuwa imetua mezani kwake Jumatatu iliyopita, kampuni ya muziki haina habari yeye ni nani. Angeweza kuikataa. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaikubali.

Kando ya lebo ya kila santuri kuna ukingo mtupu usio na muziki. Hapo fundi hukwaruza namba ya kazi kwa mkono, na akitaka huongeza neno lake. Alichokwaruza hakifutiki, na hutokea kwenye kila nakala. Watu wa kampuni husikiliza sahani ya majaribio, hawaisomi. Signe alijua hasa atakachoandika. Alikuwa nacho kifuani miaka thelathini.

Jumapili, akiwa kwenye kifungua kinywa, simu ikaita.

"Sauti yako haijabadilika," Wade akasema.

"Yako imebadilika. Inakwaruza."

"Sigara hizo. Nimeacha."

"Na nini kingine umeacha?"

"Wake wawili."

"Bahati yao."

Wade akaangua kicheko, na Signe naye akajikuta anacheka. Alijichukia. Moyo ulikuwa umeruka kama wa msichana, akautukana moyoni humohumo.

"Njoo Jumanne saa nane," akamwambia. "Georgetown, nyuma ya kiwanda cha zamani cha bia. Nikuonyeshe kazi yangu."

"Hiyo ni miadi?"

"Iite unavyotaka, mzee."

Jumanne Signe alivaa blauzi nyeusi ya hariri na kujipaka rangi ya mdomo. Siku ya kumzika mtu, aliwaza, mtu avae vizuri. Wade akafika na shati lililopigwa pasi, samaki wa kukaushwa kwa moshi ndani ya karatasi, na kifurushi bapa kwapani. Ndege ilipita juu ya paa, wakangoja ipite ndipo wakasalimiana.

"Unanukia vizuri," Wade akasema.

"Njoo huku. Unaijua hii?"

Sahani ilikuwa inang'aa chini ya taa.

"Koti la Marehemu, upande A," Signe akasema. "Nimeukata jana, mimi mwenyewe." Akampa kioo cha kukuzia. "Soma hapo kwenye ukingo mtupu."

Wade akavaa miwani, akainama. Maneno yalikuwa yamekwaruzwa kwa herufi safi, nadhifu: WIMBO WA TATU NI WA SIGNE H. WADE P. NI MWIZI.

"Saa kumi mjumbe anakuja kuzichukua sahani zote mbili," Signe akasema, na sauti ikamtetemeka kwa raha. "Nakala elfu sita, Wade. Wote wale wa kwenye foleni watasoma. Watakufa wao, na santuri itabaki inasema wewe ni mwizi. Haya, piga kelele. Nimekuita uje upige kelele."

Wade akaweka kioo mezani taratibu.

"Ni kweli," akasema.

"Nini?"

"Nasema ni kweli. Jalada lilipokuwa linachapwa kampuni walinipigia, wakauliza, Sig abaki au atoke? Tulikuwa tumegombana, umehamia kwa dada yako Tacoma, hutaki hata kuniona. Nikasema atoke. Nilitaka uumie."

"Niliumia."

"Najua. Na sikuwahi kurekebisha. Hilo ndilo baya zaidi."

Signe alikuwa amejiandalia majibu ya kila uongo. Ukweli huo ulimkasirisha upya.

"Ila na mimi nina swali," Wade akaendelea. "Mwenzangu, kwa nini hukunijibu?"

"Nikujibu nini?"

"Nilikutumia nakala ya kwanza kabisa kutoka kiwandani."

"Niliipata. Nikatazama nyuma ya jalada, nikatafuta jina langu, halipo. Nikaenda nayo mpaka daraja la Ballard nikaitupa majini. Unataka kujua zaidi? Nikasimama kuitazama mpaka ikazama."

"Hukuitoa kwenye jalada?"

"Niitoe ya nini?"

Wade akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Wewe, Sig? Wewe uliyenifundisha kwamba santuri husomwa kwanza ndipo isikilizwe? Ulikuwa ukiingia dukani hutazami hata picha. Unaitoa, unaiinamisha kwenye taa, unasoma maneno ya fundi, unacheka peke yako."

Akafungua kile kifurushi. Ilikuwa ni nakala ya zamani, jalada limechakaa pembeni. Signe akaipokea, akaitoa sahani, akaiinamisha kwenye taa. Mkono ulifanya wenyewe, kwa mazoea. Upande B, kando ya lebo, kulikuwa na mwandiko mbaya wa mtu asiye fundi: SIG, NIKUOE? NDIYO AU HAPANA. W.

"Niliandika Julai, kabla hatujagombana," Wade akasema. "Fundi aliniazima msumari wake. Nilipokutumia Oktoba nilijua utasoma. Wewe usisome?"

Signe alisoma mara ya pili. Miaka yote hiyo amesoma sahani za watu wote duniani, ya kwake hakuigusa kwa hasira. Machozi yakamtoka, na pamoja nayo ghadhabu.

"Mjinga wewe! Watu wana midomo! Kuna simu, kuna barua!"

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili."

"Na ulipoona kimya?"

"Nikajua ni hapana. Nikaiimba hapana hiyo miaka kumi."

Signe akairudisha santuri kwenye jalada lake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

"Chukua simu," Signe akasema, akijifuta uso. "Wapigie kampuni. Jalada jipya halijachapwa."

Wade akapiga palepale. "Jina la Signe Halvorsen liingie," akawaambia. "Wimbo wa tatu, na besi albamu nzima. Hapana, sisubiri kikao. Lisipoingia siweki sahihi hata nakala moja, na nitawaeleza watu kwa nini." Alibishana kwa dakika kumi, jasho likimtoka, mpaka wakakubali.

"Tayari," akasema. "Sasa upande A utaukata upya?"

"Thubutu."

"Sig, mama yangu atasoma."

"Ana miaka mingapi?"

"Themanini na minne."

"Mnunulie miwani."

Kisha akauvuta upande B, ambao bado ulikuwa haujaandikwa neno, akachukua sindano ya mkono, akaziba kwa kiwiko. Wade akarefusha shingo.

"Rudi kule."

"Umeandika nini?"

"Utasoma kama wengine, ikitoka dukani. Na usinipigie simu."

"Ni wiki kumi na nne hizo! Niambie tu, mpenzi, ni ndiyo au hapana?"

"Mimi nimekaa miaka thelathini. Kula samaki wako."

Wade alipiga simu mara nne katika wiki hizo, na mara zote nne Signe aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, akionja utamu wake. Mara ya nne utamu ulipungua kidogo. Baada ya hapo hakupiga tena, na wiki ya kumi na tatu Signe hakula vizuri.

Jumamosi ya kutoka albamu alikaa jikoni asubuhi na mapema, simu mbele yake. Saa nne ikaita.

"Nani mwenzangu?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Mwizi."

"Umesoma?"

"Niko dukani hapa Bremerton, mtu mzima nalia, watu wananishangaa."

"Soma kwa sauti. Nataka wasikie."

"Sig, jamani."

"Soma."

Wade akakohoa. "'Ndiyo. Rudisha koti.'"

Nyuma yake mtu akapiga makofi, na mwingine akapiga mluzi. Signe alifumba macho mpaka wakanyamaza.

"Basi lilete," akasema.

"Nondo wamelitoboa, lakini nalileta. Nawahi feri ya saa tano. Nimelivaa hapa nilipo."

"Nani kakuambia ulivae? Nimesema urudishe."

Akakata simu, akaenda kuondoa koti lake la manjano kwenye msumari wa nyuma ya mlango, lile jeusi lipate pa kutundikwa.