Lami Baridi ya Saa Sita

Lami ilikuwa baridi. Mutanu aliinama akaigusa tena kwa kiganja, maana ilikuwa saa sita mchana, jua la Kitui likiwa utosini, na mawe ya kando yake yalikuwa hayashikiki kwa moto. Lami yenyewe ilikuwa baridi kama tumbo la mtungi. Alifungua daftari akaandika: upana mita kumi na nane, nyufa chache, baridi. Akalifunga.

Mtu mwingine angeshtuka. Lakini tangu Mutanu amzike mumewe, Musyimi, miezi minane nyuma, mambo yalimfikia kama mazungumzo ya jirani nyuma ya ukuta. Alikula kwa kuwa saa ya kula imefika. Alibaki katibu wa klabu ya magari ya spoti ya mji wa Wote kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

Klabu ilikuwa inatafuta mahali pa mashindano yake ya Desemba. Tawa, walikokimbiza magari mwaka uliopita, barabara ya murram, ya udongo na changarawe, ilikuwa imewavunjia vioo. Huko Salama walionyeshwa yadi iliyojaa malori. Ndipo mwenyekiti wao, Kyule, aliposikia habari za uwanja huu wa ndege wa zamani ng'ambo ya Mwingi: lami inayozunguka uwanja mzima, na hakuna mtu.

Mtu alikuwapo mmoja. Abdiqani, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa anachunga mbuzi wake ukingoni. Mbuzi walikula majani mpaka lami inapoanzia, kisha wakageuka wote kwa pamoja. Aliwasalimu Mutanu na Kyule vizuri, akawashauri wangoje hadi alasiri ndipo wawashe gari.

"Saa sita hapa pana wenyewe, mama," alimwambia Mutanu kwa sauti ya chini.

Kyule alimshukuru, akasema yeye ni mtu wa kanisa na ataomba kwanza. Akaomba kweli, mkono juu ya usukani, halafu akaondoa gari lake jekundu.

Mutanu alishika saa. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Katika mzunguko wa tatu gari lilipompita, ndani mlikuwa na vichwa viwili. Aliandika muda. Gari liliposimama Kyule alikuwa peke yake, ametazama mbele, na dirishani ikatoka harufu ya ubani na nywele zilizoungua.

"Ni hapa," Kyule alisema. "Waite wote."

Baada ya siku tatu Kanyiva, mke wa Kyule, alimpigia Mutanu simu akinong'ona. Alisema mumewe hali wala halali. Kila mchana anaketi garini uani, injini imezimwa, lakini yeye aliye jikoni anasikia tairi zikilia, mbali, kama gari linalokata kona. Mchungaji alikuja na waumini, wakafunga na kuomba, na Kyule akawajibu kwa Kisomali, lugha ambayo hajawahi kujifunza. Kitu kimoja tu ndicho alichosema kwa Kiswahili.

"Amesema nini?" Mutanu aliuliza.

"Amesema madereva wetu ni kumi na wanane. Na wao kule wako kumi na wanane."

Mutanu alikata simu, akawaandikia wanachama kwamba uamuzi umeahirishwa. Kisha akaendesha gari hadi Mwingi kumtafuta Abdiqani. Hakwenda kwa hofu. Alikwenda kwa kuwa lilikuwa jambo la kufanywa, kama kufua.

Abdiqani alimpa shangazi yake, Ismahan, mama mzee aliyezoea kuwasomea wagonjwa Kurani, aende naye. Walifika nyumbani kwa Kyule, mjini Wote, asubuhi ya pili. Ismahan aliagiza madirisha yafungwe, mlango mmoja uachwe wazi, na mtu aushike usijifunge. Mutanu akaushika.

Mama yule alisoma, akampulizia Kyule maji usoni, akasoma tena, na Kyule akaanza kutetemeka, na harufu ya ubani ikajaa sebule mpaka Kanyiva akafunika pua kwa leso, na kutoka chini ya sakafu ukapanda mlio wa tairi, kwanza moja, kisha nyingi, zikizunguka chini ya viti, chini ya kabati, chini ya miguu yao, zikija karibu kila zilipozunguka, huku Kyule akifungua kinywa na kuongea bila kusogeza midomo, kwa sauti kavu kama mchanga, kwamba atatoka, basi, atatoka, lakini jua ni kali na yeye hatembei kwa miguu.

Ismahan aligeuka kumtazama Mutanu aliyeshika mlango. Alimtazama sana.

"Wewe huogopi?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Ogopa kidogo," Ismahan alisema. "Jaribu."

Mutanu alijaribu. Baridi ikampita begani, na kelele zikakatika. Kyule akaomba chai.

Jioni hiyo Mutanu aliandika kwenye rekodi za klabu kwamba uwanja wa ndege umekataliwa, akatia sahihi. Hakuna aliyebisha, kwa maana Kyule mwenyewe hakutaka hata kutajiwa Mwingi.

Mashindano yalifanyika Tawa, ndani ya vumbi. Vioo viwili vilivunjika na hakuna aliyeumia. Kyule alitoa vikombe akicheka, Kanyiva kando yake, na watu walimshukuru Mutanu kwa kuchagua vyema.

Magari yalipokwisha kuondoka, Mutanu aliingia kwenye lake. Mkoba wake ulikuwa kwenye kiti cha kushoto. Aliuchukua akauweka nyuma, bila kujua kwa nini, kisha akangoja.

Mlango wa kushoto ulifunguka taratibu, ukafungwa. Kiti kikabonyea, na harufu ya ubani na nywele zilizoungua ikajaa gari. Mutanu alikitazama kwa muda, moyo wake ukipiga vilevile, wala haraka wala polepole. Akanyoosha mkono, akamfungia mgeni mkanda, akaondoa gari.