Pumzi Chini ya Boneti

Rafiki yangu mmoja ni fundi magari, na si mtu wa kuzua maneno. Jioni moja alirudi kutoka kazini akiwa hoi, lakini gari la marehemu baba yake lilikuwa linakula oili, na kesho yake lilitakiwa kumpeleka mama kliniki. Akaingia bandani kulifungia gari kopo la kunasa oili inayopanda na mvuke wa injini.

“Pumzika, baba,” mama alimwambia kutoka kitandani, nyuma ya ukuta. “Gari halikimbii.”

“Lingekimbia ningelala, mama.”

Alikuwa amekwisha kutoa betri ya gari, umeme wa nyumba ulipokatika. Gizani, mpira uliotoka kwenye injini, aliotaka kuuchomeka kwenye kopo, ukaanza kuvuta hewa. Ulivuta, ukakwama katikati, ukatoa taratibu, kisha ukakohoa. Ndivyo alivyopumua mzee wake katika siku zake za mwisho.

Kwa hofu, aliuziba mdomo wa mpira kwa kiganja. Mpira ukamng'ang'ania, ukivuta kwa nguvu, bila sauti yoyote.

Nyuma ya ukuta, mama akazungumza kwa upole, kama mtu aliyeamshwa usingizini:

“Mwanangu, mbona unamziba baba yako pumzi?”